Mwacheni apumzike

Wiki ya tatu hii tangu nirudi Mwanza. Watu wananiuliza swali lilelile nililoulizwa Cape Town kwenye usaili: kwa nini upasuaji wa ubongo? Kule nilijibu kama wanavyojibu wote, kwamba nyumbani mabingwa wa fani hii ni wachache. Ni wachache kweli. Ila hiyo haikuwa sababu yangu.

Sababu iko Mabatini, kwenye jiwe la nyuma ya nyumba yetu. Mdogo wangu aliteleza akaangukia kichwa. Akazimia kidogo, akazinduka, akacheka. Jioni akala ugali wa udaga na sato, akasema kichwa kinamuuma. Mama akataka twende hospitali. Mimi, kidato cha pili, mjuaji wa nyumba, nikasema: mwacheni apumzike. Asubuhi hakuamka.

Miaka baadaye, chuoni, mwalimu alichora fuvu ubaoni. Hapa kwenye panja, akasema, mfupa ni mwembamba, na ndani yake unapita mshipa wa damu. Mfupa ukipasuka, mshipa huchanika, damu ikajikusanya kati ya fuvu na utando wa ubongo. Mgonjwa huweza kuzinduka, akaongea, akala, huku damu inajaa na kuubana ubongo. Hufunguliwa fuvu, damu ikatolewa, mshipa ukazibwa. Akiwahishwa, mara nyingi hupona. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi hadi kipindi kikaisha.

Wa kwanza niliyemtoa damu ya namna hiyo kwa mikono yangu alikuwa fundi wa mapaa. Kesho yake aliomba chai, akalalamika haina sukari.

Jumamosi nilivuka na kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema kwa shangazi. Bodaboda wamejaa, helmeti zimening'inia kwenye usukani. Nikamsemesha mmoja. "Dokta, hii ni ya trafiki," akanijibu, na wenzake wakacheka. Mimi pia nilicheka, nakiri.

Mama bado anaishi palepale. Miaka yote hajawahi kuniuliza kitu. Juzi alikuwa anaparua sato uani, akasema bila kuinua uso:

"Ule wa mdogo wako, siku hizi unatibika?"

"Unatibika, mama."

"Na wakati ule?"

"Hata wakati ule."

Akaendelea kuparua. Alipomaliza samaki wa kwanza akanipa kisu, nimparue wa pili.