Kurasa Nane za Mwisho

Nakala iliyoniangukia mimi haikuwa na mwisho. Jalada lilishikiliwa kwa selotepu, mgongo ulikuwa umelegea, na kurasa nane za mwisho zilishanyofoka zamani. Hakuna aliyejua zilikokwenda. Ilikuwa mwaka 2008, niko kidato cha tatu katika shule ya kata nje kidogo ya mji wa Korogwe, na kitabu chenyewe kilikuwa Weep Not, Child cha Ngũgĩ wa Thiong'o. Darasani tulikuwa 64, nakala 5. Tulipeana zamu ya siku mbili mbili.

Siku mbili ni chache mno kwa binti anayetoka shule saa tisa, akachote maji, apike, aoshe vyombo, ndipo akae na riwaya ya Kiingereza na kamusi pembeni. Nilifika sura ya nne, zamu ikaisha. Nilichofanya ndicho walichofanya karibu wote: nilikwenda stationari ya pale stendi nikatoa kopi ya madesa, kurasa 12, shilingi 600. Humo kulikuwa na kila kitu kimeshatafunwa. Wahusika, dhamira, mafunzo. Kila mhusika alipewa mistari mitatu. Ngotho, baba yake Njoroge, kijana ambaye riwaya inamfuata, alipewa hii: mwoga, dhaifu, kielelezo cha wazee waliokubali kutawaliwa.

Mwalimu wetu wa Kiingereza akatoa swali la insha, alama 15. Ngotho ni mwoga. Jadili kwa mifano kutoka kitabuni.

Nililifurahia sana swali lile, maana jibu nilikuwa nalo mkononi. Nikaandika kurasa mbili na nusu. Nilianza kama tulivyozoea wote kuanza, kwamba fasihi ni kioo cha jamii, nikaeleza riwaya ni nini, nikamtambulisha mwandishi, kisha hoja sita zikapanga foleni: kwanza, pili, tatu. Nikamalizia kwa kusema kwamba uoga wa Ngotho uliiangamiza familia yake, hata mwanawe Njoroge akajinyonga mtini. Hilo la kujinyonga nilisimuliwa na mwenzangu tukiwa njiani kwenda nyumbani. Yeye naye alisimuliwa.

Nilipata 4.

Mwalimu hakugusa sarufi yangu hata kidogo. Pembeni mwa kila hoja aliandika neno moja kwa kalamu nyekundu, na aliliandika kwa Kiswahili, katika daftari la Kiingereza, kwenye shule ambayo Kiswahili kilikuwa kinatuletea adhabu: "Wapi?" Hoja sita, "Wapi?" sita. Pale kwenye kujinyonga aliandika, "Nani kakwambia?"

Akaniita ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Umesema Ngotho mwoga. Nionyeshe."

Nilifungua kile kitabu kisicho na mwisho nikaanza kupekua. Nilipekua mpaka mikono ikalowa jasho. Yeye alingoja tu, hakunikaripia. Kisha akauliza, "Mtu akisimama kwenye baraza la kijiji akasema fulani ni mwizi, mwenyekiti atamuuliza nini?"

"Atataka ushahidi."

"Basi insha ni baraza. Sema neno lako, tuonyeshe lilipo kitabuni, halafu tueleze kwa nini hapo panathibitisha neno lako. Hiyo ya tatu ndiyo kazi yenyewe. Hizo mbili za mwanzo hata karani anaziweza."

Akafungua mkoba wake akatoa nakala yake mwenyewe, imevalishwa karatasi ya kaki, nzima kuanzia jalada hadi jalada. Ilikuwa Ijumaa. "Jumatatu asubuhi naitaka mezani, na insha mpya." Nikiwa nimeshasimama akaongeza, kama mtu asiyetaka niondoke mikono mitupu, kwamba kitabu hiki kilitoka mwaka 1964, kikiwa na jina la James Ngugi, na mwandishi alikiandika akiwa bado mwanafunzi pale Makerere. Hilo nilitembea nalo njia nzima. Mwanafunzi! Nilikuwa nadhani vitabu vya darasani huandikwa na wazee.

Nilikuwa naishi na Babu. Babu alikuwa Muha wa Kasulu. Alikuja Tanga miaka ya 1950 kwa treni na kisha lori, akiwa manamba, ameandikishwa na Silabu, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokuwa ikikusanya vijana kutoka bara. Mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967 alikuwa bado yuko, na alipozeeka akabaki palepale. Kazi aliyobaki nayo ilikuwa kushona magunia kwa shazia na uzi wa katani, kwenye mkeka chini ya mwembe.

Jumamosi asubuhi nilikaa kwenye ukingo wa mkeka ule nikaanza kusoma kimoyomoyo. Babu akauliza kitabu kinasema nini. Nikamwambia ni Wakikuyu na ardhi yao. "Basi sema kwa sauti," akasema, "mimi nashona kwa mikono, masikio yapo." Nikawa nasoma ukurasa kwa Kiingereza, nikishaumaliza namsimulia kwa Kiswahili.

Tukafika pale Ngotho na bwana wake, Howlands, wanapotembea shambani pamoja. Mzungu na Mwafrika, wanakwenda wakisimama hapa na pale, wanautazama mche wa chai uliostawi, wanang'oa gugu. Wote wawili wanalipenda shamba lile. Howlands analiona lake, kalitoa porini kwa mikono yake. Ngotho anajua ni la baba zake. Alikwenda vitani, vita vya kwanza vya dunia, na aliporudi akakuta ardhi imeshakwenda. Sasa ni kibarua juu yake, anangoja unabii wa Mugo wa Kibiro utimie, wageni waondoke.

Babu aliacha kushona. "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Ananyamaza?"

"Ananyamaza, Babu. Ndiyo maana wanasema mwoga."

Akaliweka gunia chini. Akanieleza kipande. Kadi yenye siku 30, na siku haikuandikwa mpaka umalize kazi uliyokatiwa. Tita moja la mkonge lilikuwa majani 30. Siku moja alikata matita yake yote, mnyapara akavuta tita moja katikati ya rundo, akahesabu, akapata majani 29. Akamnyima siku nzima. Jua lote lile, miiba yote ile, kadi ikabaki tupu. "Nikanyamaza," Babu alisema. "Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na kwetu. Nilikuwa najiambia, kipande kikijaa nachukua changu, narudi Kasulu, shamba hili silijui wala halinijui. Sasa huyu mwenzangu akifukuzwa pale aende wapi? Pale ndipo kwao. Mimi nilinyamaza ili niondoke. Yeye ananyamaza ili abaki."

Nilikuwa na kalamu mkononi na sikuandika kitu. Sentensi ile haikuhitaji kuandikwa. Mpaka leo naisikia kwa sauti yake, na kikohozi kilichoifuata.

Mchana tukaendelea. Ukaja mgomo. Howlands ameshatangaza kwamba atakayegoma kazi hana. Watu wamekusanyika, mara Jacobo, Mwafrika mwenzao tajiri, anasimama na polisi nyuma yake kuwaambia watu warudi kazini. Na Ngotho, huyuhuyu aliyepewa mistari mitatu kwenye madesa, ndiye anayeinuka mbele ya umati wote na kumwendea Jacobo. Mtafaruku unazuka. Kazi inapotea, na nyumba pia, maana walikuwa wamejenga kwenye ardhi ya Jacobo.

"Sasa mbona umeandika mwoga?" Babu akauliza.

"Ni notisi, Babu. Notisi ndizo zilisema."

"Hizo notisi zilikuwepo pale mkutanoni?"

Usiku nilisoma peke yangu kwa taa ya chemli. Jacobo anauawa, na anayeshukiwa ni Kamau, mwana wa Ngotho, fundi seremala. Ngotho anakwenda mwenyewe kusema kwamba muuaji ni yeye. Hakuua. Anasema ili mwanawe asinyongwe. Nilifunga kitabu, kidole changu kikiwa ndani, nikasikiliza panya darini kwa muda mrefu. Aliyoyafanyiwa baada ya hapo sikuweza kumsimulia Babu kesho yake. Kuna maneno mjukuu hayasemi mbele ya babu yake. Nilisema tu walimtesa hadi akafa kitandani kwake, na kwamba Boro, yule mwana mkubwa aliyemdharau siku zote, alirudi kutoka msituni, alikokuwa na wapiganaji wa Mau Mau, akamwomba radhi kabla hajakata roho.

Na nilizisoma zile kurasa nane. Njoroge hajinyongi. Kamba anayo, mti ameshauchagua, giza limeingia, na mama yake Nyokabi anamtafuta njiani akiwa na kijinga cha moto mkononi kumulika. Anamwita. Njoroge anaiacha kamba, anamfuata.

Jumapili yote ilikuwa ya kuandika. Nilikata mwanzo wote wa kioo cha jamii. Sikuona unasaidia nini barazani. Nilianza moja kwa moja na watu wawili wakitembea kwenye chai. Shida ilikuwa Kiingereza. Neno la Babu nililielewa kwa Kiswahili, na kila nilipolivusha lilifika upande wa pili limepungua. Nilitafuta "kulinda" kwenye kamusi, nikapata maneno manne, nikaogopa yote. Kisha nikarudi kitabuni na kukuta mwandishi ameshalisema: Ngotho anajiona ana deni kwa waliokufa, walio hai na ambao hawajazaliwa katika ukoo wake, kulilinda shamba lile. Nilirukaruka chumbani. Neno la Babu lilikuwa na mahali pake, ukurasa na mstari. Wakati ule sikujua kwamba Ngũgĩ mwenyewe baadaye aliacha kuandika riwaya zake kwa Kiingereza akarudi kwenye Kikuyu. Ningelijua hilo Jumapili ile, jasho langu lingekuwa na mwenzi.

Jambo moja Babu hakulipenda. Kabla ya mgomo, Nyokabi anamuuliza Ngotho itakuwaje akipoteza kazi, watoto watakula nini, na Ngotho anampiga kofi. Nikaandika kwamba hasira yake ilianza kuangukia pale palipo rahisi. Niliposoma aya ile kwa Kiswahili, Babu alisema niiondoe, mtu keshateseka vya kutosha. Nikamwambia, "Lakini ipo, Babu. Nimeiona." Alinyamaza, akavuta uzi. "Kama umeiona, iache." Basi insha yangu haikusema Ngotho ni shujaa. Ilisema si mwoga, ikaonyesha wapi, na ikaonyesha pia mahali alipokosea.

Nilipata 11. "Wapi?" ilibaki moja tu, pale nilipoandika kwamba wazee wote walikuwa kama Ngotho. Na Jacobo je? Mwalimu alikuwa na haki. Chini kabisa aliandika, "Hii umeisoma." Nimepata alama nyingi kubwa kuliko ile maishani, na hakuna ninayoikumbuka hivyo.

Nilipomrudishia kitabu chake nilimwomba kibali, akanipa tena hadi Jumatano. Nilikuwa nafikiria nakala yetu, na yule mwenzangu wa njiani aliyebaki anaamini Njoroge amekufa. Nikachana karatasi katikati ya kaunta buku yangu, nikanakili kurasa zote nane kwa mkono, kwa peni ya bluu, nikichunga kila nukta. Jumanne jioni nilimpelekea Babu karatasi zile na kitabu.

Alivigeuza mikononi. "Huyu kijana kaishia wapi?"

Nikamsomea aya ya mwisho kwa Kiingereza, alitaka asikie inavyolia, kisha nikaisema kwa Kiswahili. Njoroge anarudi na mama yake, hajipendi, sauti ndani yake inamwambia ni mwoga. Halafu anakimbia mbele, anafika nyumbani, anawafungulia mlango mama zake wawili.

"Wawili?"

"Nyokabi na Njeri. Wake wote wa Ngotho."

"Akawafungulia."

"Akawafungulia, Babu."

Alichagua shazia ndogo kuliko zote, ile ya kuzibia matundu. Akachambua uzi wa katani hadi ukabaki unyuzi, akaulowesha mate, akaupitisha tunduni. Akatoboa mgongo wa kitabu mara tano, polepole, nikiwa nimeshika karatasi zisicheze. Kila tundu alilipita mara mbili. Alipomaliza alikifungua mwishoni, akavuta karatasi zangu kwa nguvu kuona kama zitatoka, akaniambia nisogeze taa.