Miaka 15 bila balozi

Jana usiku nilikuwa nasoma historia ya mabalozi wa India na China, nikajikuta nimekesha. Usiku wa manane, Oktoba 1950, Zhou Enlai, Waziri Mkuu wa China, alimwita balozi wa India, K. M. Panikkar, akampa ujumbe: majeshi ya Marekani yakivuka mstari wa 38, uliogawa Korea Kaskazini na Kusini, China itaingia vitani. Panikkar akaufikisha. Wakubwa wa Washington hawakumwamini, na kabla mwezi haujaisha wanajeshi wa China walikuwa wamevuka mpaka kuingia Korea. Hapo niliweka simu chini kidogo. Watu wangapi walikufa baada ya onyo lile kupuuzwa!

Halafu ukaja mgogoro wa mpaka kati ya India na China wenyewe. India ilimwondoa balozi wake mwaka 1961, vita vikapiganwa 1962, na ofisi zikabaki na maafisa wadogo hadi 1976.

Aliyetumwa kufungua tena mlango ni K. R. Narayanan, mtoto wa familia maskini ya Kidalit, watu wa tabaka la chini kabisa India, kutoka jimbo la Kerala, aliyekwenda shule kwa miguu kilomita nyingi kila siku. Mwaka 1997 akawa Rais wa India. Huyu nataka kumsoma zaidi, mwenye makala zake anitumie.