Nilivyopitisha pendekezo langu katika ofisi ya Kijapani

Nilikwenda Kobe kusoma shahada ya uzamili kwa ufadhili wa ABE Initiative, mpango ambao Japani iliutangaza mwaka 2013 kwa ajili ya vijana wa Afrika. Ukimaliza masomo unapelekwa kwenye kampuni kujifunza kazi, na huko ndiko nilikowaelewa Wajapani.

Kampuni niliyopangiwa ilisambaza vipuri. Taarifa za mzigo uliorudishwa na wateja ziliandikwa kwenye karatasi ghalani, kisha mtu mwingine akaziingiza upya kwenye kompyuta. Nilitaka ziingizwe mara moja tu, palepale ghalani. Kabla sijalisema kikaoni, nilimfuata senpai wangu, yaani aliyenitangulia kazini, nikamwomba ushauri. Akanitajia watu wa kuwaona, na nianze na nani. Kuzungumza hivi na mmoja mmoja kabla ya kikao, wenyewe huita nemawashi. Kwetu si jambo geni: posa haifiki barazani kabla mshenga hajapita kwa wazee.

Niliandika ukurasa mmoja, nikaanza kuzunguka nao. Ghalani waliupokea vizuri. Ugumu ulikuwa idara ya uhasibu. Bwana mmoja mtu mzima aliusoma, akavuta pumzi kupitia meno, akasema kwa upole kwamba ni vigumu kidogo. Ofisini Japani, maneno hayo mara nyingi ni kukataa. Sikubishana naye, wala sikumwuliza kwa nini hataki, maana swali hilo lingembana atamke hapana waziwazi. Nilimwuliza ni hatua ipi ingeiongezea idara yake kazi. Akanyamaza kwa muda mrefu. Nami nikanyamaza, jambo gumu sana kwa mtu aliyekulia kwenye maongezi kama mimi. Hatimaye akaeleza: wakaguzi wa hesabu hutaka kuona muhuri wa aliyepokea mzigo, na fomu yangu haikuwa na nafasi hiyo. Nikaongeza hatua ya mpokeaji kuthibitisha, nikamrudishia yeye kwanza aione, ndipo nikaenda kwa mkuu wa idara.

Kikaoni hakukuwa na mjadala wowote. Wageni wengi huviona vikao vya namna hii kuwa maigizo. Mimi naona vina heshima kubwa: mhasibu yule hakupingwa mbele ya wenzake, na hoja yake ilikwisha kuingia kwenye pendekezo. Baadaye waraka wa ringi, yaani wa kuomba idhini ya wakuu, ulizungushwa, kila mkuu akagonga hanko yake, yaani muhuri wenye jina lake. Ghala lilipoanza kutumia fomu mpya, maelekezo ya kuijaza yaliandikwa na uhasibu.