Kupima miti ya yuu kwenye viwanja vya makanisa: nilipofikia

Kazi niliyojipa ni kupima mizingo ya miti mikongwe ya yuu (Taxus baccata, mti wa kijani mwaka mzima wenye majani membamba kama sindano) iliyosimama katikati ya makaburi ya makanisa ya vijijini, kusini mwa Uingereza, na kuandika vipimo hivyo ili atakayekuja miaka 50 ijayo aweze kuzungusha tepu palepale nilipozungusha mimi. Kaunti ya Surrey bado naendelea nayo, ya Hampshire nimeshaigusa.

Watu huuliza kwa nini nisitafute umri wa mti kwa kuhesabu duara ambazo mbao huongeza kila mwaka. Haiwezekani. Yuu ukishazeeka huoza moyo wa shina na kubaki na uwazi, huku majani yakiendelea kunawiri kama kawaida, kwa hiyo duara za ujana wake hazipo tena. Umri unaotajwa wa miaka 1,500 au 2,000 ni makadirio, nami siuweki daftarini. Naandika mzingo, kimo cha tepu kutoka ardhini, upande ambao ardhi imeinuka, na kila kinundu kilichopitiwa na tepu.

Crowhurst, Surrey, ndiko nilikokaa sana. Mzingo wa mti ule unakaribia mita 10, na shina lina mlango. Mlango kabisa, wenye bawaba! Mwaka 1820 wanakijiji walipanua uwazi wa ndani, wakaweka meza na mabenchi, na inasimuliwa kwamba wakati wa kuchonga walikuta tufe la mzinga limezama ndani ya mbao. Nilipitisha vidole pembezoni mwa mlango: mti umevimba na kuanza kuufunika ukingo, kama ngozi inavyofunika kidonda. Uvimbe huo unaingia kwenye kipimo, kwa hiyo nimeupiga picha tepu ikiwa bado imefungwa.

Chini palikuwa na matunda. Nyama yake nyekundu, laini na yenye utelezi, ndiyo sehemu pekee isiyo na sumu; mbegu iliyo ndani, majani na gome vinaweza kuua ng'ombe, hata mtu. Navaa glavu na sili chochote mpaka ninawe. Na majani hayohayo ndiyo chanzo cha dosetaksel, dawa ya saratani. Jambo hilo hunigusa kila ninapoyafagia kwenye tepu.

Selborne, Hampshire, nilienda nikijua mti wenyewe haupo. Gilbert White, kasisi na mwanaasili wa kijiji hicho, aliandika katika karne ya 18 kwamba mzingo wake ulikuwa futi 23, yaani mita 7. Dhoruba ya Januari 1990 iliuangusha. Wakaurudisha wima, haukushika. Kisiki bado kipo, na nimekichora. Bila futi zile 23 tusingekuwa na la kulinganisha, na ndiyo sababu siachi mti wowote nusu.

Kinachofuata ni jinsia. Yuu dume na jike ni miti tofauti, ingawa mwaka 2015 tawi moja la yuu dume wa Fortingall, Uskoti, lilionekana limezaa matunda. Nitarudi Crowhurst, na kijiji cha Tandridge hukohuko Surrey, mwishoni mwa Februari, madume yanapomwaga chavua, nijaze safu ya jinsia iliyo wazi daftarini.