Nguo Zenye Wenyewe

Juni 2001 nilikuwa Lospalos, mashariki kabisa mwa Timor Mashariki, mfanyakazi wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa katika zoezi la kuandikisha wananchi. Nchi ilikuwa chini ya utawala wa mpito wa Umoja wa Mataifa, na uchaguzi wa bunge la katiba ulikuwa umepangwa Agosti 30, miaka miwili kamili tangu kura ya maoni iliyoing'oa Indonesia, iliyoivamia nchi mwaka 1975. Tuliandikisha watu zaidi ya 700,000 nchi nzima. Kazi yenyewe haina simulizi: foleni, picha, jina la baba, jina la mama, anayefuata.

Mkalimani wangu alikuwa binti mdogo mwenye maneno mengi, aliyeniita Mana, yaani dada. Nilikuwa nimemsumbua kwamba nataka tais, nguo yao ya kufumwa, nimpelekee mama yangu Tanga. Siku moja saa ya chakula akanipeleka kwa shangazi yake.

Tulimkuta amekaa chini, miguu ameinyoosha. Nyuzi za mtande, zile za urefu wa nguo, zilitoka kwenye mti uliofungwa nguzoni zikaja hadi mapajani mwake, na mkanda umezunguka mgongoni. Akijivuta nyuma, nyuzi zinakaza, akiinama, zinalegea. Hakuna mtambo mwingine: miti kadhaa, na mgongo wa mtu. Alipitisha mshindio, uzi wa kukatiza, akaugonga kwa ubao mrefu uliochongwa kama upanga, akapitisha tena, hakuinua macho mpaka mstari ulipokwisha. Tulikuwa chini ya turubai la bluu la UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kwa maana nyumba haikuwapo.

Nguo iliyokuwa ikifumwa nikaipenda papo hapo. Nikauliza bei. Dola ya Marekani ilikuwa ndiyo fedha rasmi, na mimi posho nilikuwa nayo. Akatikisa kichwa. Nikapandisha. Akacheka, akamwambia mpwa wake maneno marefu ya Kifataluku, lugha ya huko Lospalos, naye akanipa kwa ufupi: ina mwenyewe.

Nikadhani ni oda ya mteja. Kumbe sivyo. Kwa Wafataluku, ukoo unaotoa binti hupeleka nguo kwa ukoo wa mume, na ukoo wa mume hutoa nyati. Wala mambo hayaishi siku ya ndoa. Ukitokea msiba, kila upande unarudi na chake, na nguo nyingine zinashuka kaburini na maiti. Kwetu mambo haya yamo kwenye daftari la michango, fulani alitoa hiki, fulani bado. Kwao daftari ni kikapu cha nguo. Asiye na nguo ndani haozi binti wala haziki kwa heshima.

Sasa fikiria Septemba 1999. Asilimia 78.5 ya wapiga kura wameukataa mpango wa kubaki chini ya Indonesia, na wanamgambo pamoja na wanajeshi wanaoondoka wanachoma nchi nzima. Kikapu cha shangazi kiliteketea na nyumba, zikiwamo nguo alizofuma mama yake. Madeni hayakuungua. Ndugu waliorudi kutoka ukimbizini Timor Magharibi, upande wa Indonesia, walikuta ndoa zao zile zile, misiba yao ile ile, na mpya juu yake.

Ile niliyoitamani ilikuwa ya kaka yake. Alifia mlimani Matebian mwaka 1978, watu walipokuwa wamekimbilia huko na mabomu ya jeshi la Indonesia yakiwafuata, njaa nayo ikimaliza waliobaki. Tume ya ukweli iliyokuja kuandika ripoti yake mwaka 2005 ilikadiria vifo vya miaka ile yote, 1974 hadi 1999, kuwa si chini ya 102,800. Huyu alikuwa mmoja wao, alifukiwa harakaharaka bila nguo. Familia ilikuwa imepanga kwenda kuitoa mifupa na kuizika nyumbani, na mifupa haiji mitupu.

Wageni tuliofika Dili, mji mkuu, tulipenda tais za rangi za asili, nili, yaani buluu ya majani, na mizizi, tukiziona ndizo za kweli. Shangazi alikuwa anafuma kwa uzi wa dukani, uliotoka Indonesia, mwekundu wa kuumiza macho. Nilipouliza kwa nini, mpwa wake alinitazama kama niliyeuliza kwa nini watu wanakula. Uzi wa duka unapatikana leo, na maiti wamesubiri miaka. Desemba 2021 UNESCO ilipoiweka tais kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, nilifurahi, ingawa picha nilizoziona mimi zilikuwa za nguo za nili. Ule wekundu ndio uliowazika watu.

Mama yangu nilimnunulia skafu sokoni Dili, nzuri, na aliivaa. Lakini siku ile sikutoka mikono mitupu kabisa, nilitoka na swali. Nilimwomba binti aulize ni nguo ngapi bado wanadaiwa. Shangazi akaweka chini ubao, akaanza kuhesabu kwa vidole. Akafika kwa binti wa kaka mwingine, aliyeolewa mji wa Baucau. Mpwa akadakia kwamba ile ilishalipwa kabla ya moto. Shangazi akasema ililipwa nusu. Jirani akaingilia kutoka uani, akisema alikuwapo na anakumbuka nguruwe tu. Saa ya chakula ikaisha, foleni yangu ikinisubiri, nami nikaondoka wakiwa hawajafika mkono wa pili.