Laini moja, malalamiko mawili

Fundi ameondoka jioni hii na laini ya simu haikwaruzi tena. Naandika sasa hivi kabla hasira hazijapoa, maana zikishapoa nitaanza kusimulia kana kwamba jambo lenyewe lilikuwa jepesi.

Mama ndiye aliyegundua kwanza. Kwake yeye simu ya mkononi ni ya kuulizana upo wapi, na mazungumzo ya maana ni ya simu ya mezani. Akawa ananiambia, "Mwanangu, nyuma yako kuna mtu anakaanga kitu." Nami nilikuwa nasikia. Mikwaruzo ilipanda na kushuka, na mvua ikinyesha ilikuwa mikali mpaka tunapayukiana kama tuko ng'ambo mbili za mto. Wakati huohuo intaneti ikaanza kujikokota. Ukurasa unafunguka nusu, taa ya modemu inapepesa, inazima, inatafuta njia, inarudi. Kilichonishtua zaidi ni kwamba simu ikiita tu, intaneti inakatika.

Mwenye kampuni ya simu akisoma sentensi hiyo ya mwisho angejua ugonjwa ni mmoja. Laini iliyotulia hubeba umeme wa volti kama 48 unaokwenda upande mmoja. Simu inapoita, juu yake hupandishwa umeme wa kwenda na kurudi wa makumi ya volti ili kengele ilie. Kama mahali fulani waya umeshikana kwa shida, mtikisiko huo unatosha kuutibua muunganisho wote.

Lakini hukutani na mwenye kampuni. Unakutana na vitengo. Dada aliyepokea alikuwa mpole, hilo nalisema wazi, ila aliniuliza, "Mteja, tatizo lako ni la simu au la intaneti?" Nikajibu yote mawili, ni waya uleule. Akasema mfumo unamtaka achague moja. Basi nikafunguliwa malalamiko mawili, kila moja na namba yake, kana kwamba nyumba hii ina laini mbili. Watu wa intaneti wakaniambia nizime modemu na kuiwasha. Watu wa simu wakapima laini kwa mbali na kunijulisha kwamba iko salama. Nikamuuliza kijana wa zamu kama anaisikia mikwaruzo tunavyoongea. Akasema, "Naisikia kweli kaka, lakini kipimo kimepita."

Kipimo kile hakidanganyi, ila kinajibu swali lake tu. Kinaangalia kama nyaya mbili zimegusana, kama mmoja umekatika, au kama umeme unavuja kwenda ardhini. Kiungio kibovu kinachoshika na kuachia kinaweza kukaa kwa adabu kwa zile sekunde za kupimwa, halafu kikaendelea na vituko vyake.

Nilichofanya nyumbani ni kuondoa kila kitu. Nilichomoa modemu, vichujio (vile vidude vinavyotenganisha sauti na intaneti) na simu zote, nikabaki na simu moja ya kawaida yenye waya, nikaichomeka kwenye soketi ya kwanza kabisa, pale laini inapoingilia. Unainua mkonga, unabonyeza namba moja ili mlio wa kupigia unyamaze, halafu unasikiliza. Ikiwa kimya, kasoro imo ndani mwako, huenda kichujio kimekufa au waya wa sebuleni umeliwa. Ikiwa inakwaruza, kasoro iko nje na ni mzigo wa kampuni. Yangu ilikwaruza.

Usiku ule nilikesha nikisoma namna intaneti inavyopita kwenye waya wa simu, na nakiri nilivutiwa kuliko nilivyokasirika. Ni jozi ya waya za shaba zilizosokotwa, mbinu ambayo Alexander Graham Bell aliipatia hataza mwaka 1881. Sauti ya mtu inatumia sehemu ndogo ya chini kabisa ya masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, kama hezi 300 hadi 3,400. ADSL, yaani intaneti hii ya waya wa simu, inaanzia juu zaidi, karibu kilohezi 25, inapanda mpaka megahezi 1.1, na toleo lake la baadaye linafika 2.2. Ndiyo maana unaweza kuongea na kuperuzi kwa pamoja, na kichujio kazi yake ni kuzuia masafa ya juu yasiingie kwenye simu. Eneo lile la juu limekatwakatwa kuwa njia nyembamba za kilohezi 4 na ushee, na modemu huipakia kila njia mzigo kwa kadiri ya kelele inayoikuta humo. Kelele ikizidi, mzigo unapunguzwa. Kwa hiyo intaneti haikuwa "inasumbua tu." Modemu ilikuwa inasikia mikwaruzo ileile aliyoisikia mama, na inajibu kwa kupunguza mwendo.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia. Laini ikikatika mara kwa mara, mtambo wa upande wa kampuni huiwekea akiba kubwa zaidi dhidi ya kelele, yaani huipunguzia mwendo ili isikatike. Laini yenye afya mara nyingi huendeshwa kwa akiba ya desibeli 6. Ukurasa wa ndani wa modemu yangu ulikuwa unaonyesha 15. Yaani hata mikwaruzo ilipopumzika, bado nilikuwa nimefungiwa breki.

Baada ya hapo nilibadili maneno. Nilipopiga tena sikutaja intaneti hata kidogo. Nilisema simu haisikiki, mama yangu hanisikii, na nimejaribu kwenye soketi ya kwanza bila kifaa kingine chochote. Fundi akapangwa. Mwenye shida kama yangu nampa ushauri huohuo: anza na kelele, kasi iache kwanza. Kelele ni kasoro isiyobishaniwa, kwa kuwa anayepokea simu yako anaisikia kwa masikio yake. Kasi utaambiwa ni Wi-Fi, ni kuta, ni majirani, ni kompyuta yako ya zamani.

Fundi alikuwa mtu mzima, wa maneno machache. Hakugusa modemu. Aliinua mkonga, akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa. Kisha akaunga kifaa chake kwenye laini, kinachotuma mpigo wa umeme na kupima unavyorudi ili kujua kasoro iko umbali gani. "Haiko kwako," akasema, "iko nguzoni." Akabeba ngazi.

Nilisimama chini nikimtazama. Alifungua kisanduku, akaishika jozi yetu kwa ncha za vidole, na waya mmoja ukamkatikia mkononi bila hata kuvutwa. Akashuka kunionyesha. Kiungio cha zamani kilikuwa kimepasuka ubavuni, ile grisi ya ndani inayozuia maji imekauka na kuwa ukoko, na shaba imeota kutu ya kijani mpaka imekuwa nyembamba kama uzi wa kushonea. Akapanda tena, akakata nyuma mpaka akaifikia shaba inayong'aa, akaingiza nyaya kwenye viungio vipya na kuvibana kwa plaizi mpaka grisi ikachuruzika pembeni. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko muziki niliosikilizishwa nikisubiri huduma kwa wateja.

Nilimuuliza kama si afadhali kuhamia faiba, zile nyaya za kioo zinazobeba mwanga. Akasema kwa intaneti ni afadhali, hakuna ubishi, kioo hakioti kutu wala hakisikii kelele za umeme. "Ila nyumba ikizimikiwa umeme," akaongeza, "hii ya shaba itaendelea kuita." Ni kweli. Umeme wa simu hii unatoka kituo cha kampuni ya simu, kwenye betri zao, na faiba haibebi umeme. Nimeliwaza hilo jioni nzima na bado sijaamua. Intaneti ya mwendo huu inanichosha, lakini simu anayonipigia mama haijawahi kuzimika kwa sababu ya giza.

Fundi ameniomba nisiizimezime modemu siku hizi za mwanzo, kwa sababu mtambo utahesabu kila kukatika kama dalili mbaya na hautalegeza breki. Akiba imeshaanza kushuka, sasa ni 12. Kurasa zinafunguka zote, ingawa si kwa mbio.

Saa moja iliyopita zimeingia jumbe mbili kutoka kampuni. Wa kwanza unasema tatizo langu la simu limetatuliwa na malalamiko yamefungwa. Wa pili unanishukuru kwa uvumilivu na kunijulisha kuwa tatizo la intaneti bado linafanyiwa uchunguzi, na kwamba ningali nashauriwa kuzima modemu na kuiwasha.