Toleo la Oktoba 1970

Ba'mkubwa alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na nyumbani kwake Tanga aliweka rundo la majarida ya Scientific American, aliyoyanunua moja moja kwa wauza vitabu vya mitumba Dar es Salaam. Jarida hilo ni la Marekani. Rufus Porter alilianzisha New York mwaka 1845, na hadi leo linatoka. Wengi hulisifia kwa picha na habari za anga. Mimi nalipenda kwa sababu ya jioni moja ya likizo ya Desemba 1993, nikiwa kidato cha pili.

"Mwanangu, hebu nisomee hapa," aliniambia, akinipa toleo la Oktoba 1970. Ilikuwa safu ya Martin Gardner, mwandishi wa michezo ya hisabati, akieleza mchezo uitwao Life, yaani Maisha, uliobuniwa na John Conway, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Sheria zake ni chache mno. Kila mraba wa ubao umezungukwa na miraba minane, na kete zilizo humo ndizo majirani. Kete yenye majirani wawili au watatu huishi. Ikiwa na pungufu hufa kwa upweke, ikiwa na zaidi hufa kwa msongamano. Mraba mtupu ukizungukwa na kete tatu kamili, huzaliwa kete humo.

Gardner hakuishia kusimulia. Alimwonyesha msomaji namna ya kucheza mwenyewe, na hapo ndipo ubora wa jarida lile ulipo. Tulitandika karatasi kubwa ya miraba barazani, tukachukua komwe za bao na maharage meupe. Inayokufa unaipandishia komwe ya pili juu yake; panapozaliwa unaweka harage. Ukishakagua ubao mzima, unaondoa zilizobebana, kisha kila harage unalibadilisha kwa komwe. Usiondoe chochote kabla, maana vifo na uzazi vyote hutokea kwa mpigo mmoja.

Tukaanza na tatu zilizolala mstari mmoja. Za pembeni zikafa, ya kati ikabaki, zikazaliwa juu na chini yake: mstari umesimama. Hatua iliyofuata ukalala tena.

Kisha tukapanga umbo la kete tano lililochorwa mle. Katika kila hatua, kete mbili zinakufa, mbili zinazaliwa, jumla inabaki tano. Baada ya hatua nne umbo ni lile lile, ila limesogea mraba mmoja kimshazari. Hakuna komwe hata moja tuliyoisukuma! Nilimtazama Ba'mkubwa, naye alikuwa amepiga magoti kama mtoto, anahesabu majirani kwa kidole. Tukaliendesha hadi ukingo wa karatasi.

Conway alikuwa ameahidi dola 50 kwa atakayethibitisha, kabla ya mwaka 1970 kwisha, kama kuna mpango wa kete unaoweza kuongezeka bila kikomo, au kama haupo. Toleo lenye jibu hatukuwa nalo, na swali lile halikuniacha. Nikiwa chuo kikuu nililipata: Novemba ile ile, kundi la Bill Gosper pale MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, liligundua umbo linalotema kete tano zetu kila baada ya hatua 30, bila kukoma.

Nikampigia Ba'mkubwa simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Linaanza na kete ngapi?"

"Thelathini na sita, Ba'mkubwa."

"Bao langu lina sitini na nne. Lichore vizuri, mwanangu, unitumie."